Siku Huanza Magharibi: Mwongozo wa Kukaa na Aya Moja Wiki Nzima

Msimu wa karafuu Pemba haujui saa. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, jioni pishi zinapimwa, usiku nyumba nzima inakaa kitako kuchambua, na asubuhi majamvi yanatandikwa kabla wingu halijajikusanya. Nimekulia humo, upande wa Wete, na mpaka leo nikinusa makonyo mabichi, vile vikonyo vya karafuu, vidole vinaniwasha. Mwaka mmoja, msimu ukiwa umepamba moto, nilimlalamikia maalim wangu kwamba sipati wakati wa kusoma Qur'ani kwa utulivu. Siku inaanza alfajiri, nikamwambia, na ikifika mwisho sina nguvu hata ya kufungua mas-hafu.

Akaniuliza, "Leo siku gani?"

"Alhamisi, maalim."

Jua lilikuwa limeshazama. "Na usiku huu unaitwaje?"

"Usiku wa Ijumaa."

"Basi Ijumaa imeshaingia, na wewe bado unaidai Alhamisi." Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Ilinichukua msimu mzima kulielewa lile jambo. Katika hesabu yetu siku huanza Magharibi: usiku unatangulia, mchana unafuata. Mtu hupumzika kwanza, ndipo atoke kutafuta. Mimi nilikuwa nimeigeuza siku juu chini, nikianzia kwenye kazi, halafu mapumziko nikayapa masalio, na masalio yenyewe hayakuwepo. Mwongozo huu ni namna ya kuirudisha siku mahali pake kwa kutumia aya moja ya Qur'ani kwa siku saba. Nimeufuata mwenyewe miaka kadhaa, nimeufundisha kidogo kidogo kwa jamaa, na nimeona pale unapokwama.

Vya kuwa navyo

Mas-hafu, tarjama, daftari la skuli, kalamu, na robo saa. Basi.

Kuhusu tarjama, sisi wa visiwani tumebahatika. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar kisha wa Kenya, alikamilisha tarjama yake ikatoka nzima mwaka 1969. Sheikh Ali Muhsin Barwani, naye mtu wa Unguja, yake ilitoka mwaka 1995. Ukizipata zote mbili ziweke bega kwa bega, maana neno moja la Kiarabu mmoja huliegemeza huku na mwenzake kule, na katika ule mwanya baina yao ndipo akili yako inapoanza kufanya kazi. Usione haya kutumia tarjama hata kama ulihitimu chuoni. Wengi wetu tulifundishwa kusoma vizuri, makhraji safi na tajwidi ya kupendeza, na tukaondoka hatujui tumesoma nini.

Shika udhu kwa ajili ya mas-hafu. Dada aliye katika siku zake, asikilize kisomo kwenye simu au redio na atafakari. Kusikiliza na kutafakari hakumkatazi mtu. Kwa mengine amuulize sheikh wake.

Na jambo moja lieleweke mapema: hii ni tafakuri, si tafsiri, yaani si ule ufafanuzi wa wanavyuoni. Ukiandika "aya hii inanikumbusha mama", hilo ni lako na hakuna atakayekunyang'anya. Ukianza kusema "aya hii inahalalisha hivi", umeshaingia katika kazi ya wenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua aya moja, na usiibadilishe

Anza na aya ya 73 ya Suratul Qasas, sura ya 28. Maana yake, kwa maneno yangu: katika rehema Zake amekujaalieni usiku na mchana, mpate kutulia humo, na mpate kutafuta katika fadhila Zake, na huenda mkashukuru.

Itazame ilivyopangwa. Kwanza vinatajwa viwili pamoja, usiku na mchana. Halafu yanakuja makusudio mawili, kutulia na kutafuta, bila kuambiwa lipi la kipi. Msikilizaji mwenyewe anarudisha kutulia kwenye usiku na kutafuta kwenye mchana. Wanabalagha, wataalamu wa ufasaha wa Kiarabu, huita mtindo huu laffu na nashri, kukunja na kukunjua, kama mtu anayekunja kanga pea nzima kisha akazitandika moja moja. Baada ya hapo ndipo inapokuja shukrani, ya tatu, na haikufungwa na usiku peke yake wala na mchana peke yake. Mimi huisoma hivi: shukrani ni mtoto wa wawili hao. Aliyetafuta bila kutulia hapati nafasi ya kukiona alichokipata.

Ukihisi aya moja kwa wiki ni kidogo, nakuelewa. Tumezoea kuhesabu juzuu. Endelea na uradi wako wa kila siku kama kawaida. Hili ni jambo la pembeni, na linafanywa polepole kwa makusudi.

Hatua ya pili: Magharibi, tumia sikio

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka.

Kabla ya aya yetu kuna aya mbili, ya 71 na ya 72. Ya kwanza inauliza: je, lau Mwenyezi Mungu angeufanya usiku uwe wa daima mpaka Siku ya Kiyama, nani mwengine angekuleteeni mwangaza? Inamalizia: hamsikii? Ya pili inauliza kinyume chake: lau angeufanya mchana uwe wa daima, nani angekuleteeni usiku mkatulia ndani yake? Inamalizia: hamuoni? Wafasiri wa zamani walikiona kituo hiki. Gizani linaitwa sikio, na penye mwanga linaitwa jicho. Kila wakati umepewa mlango wake.

Swali la kwanza watu wa Unguja wanalijua kwa mwili. Umeme ulikatika kisiwa kizima Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010. Aliyekuwapo anakumbuka mlio wa majenereta vichochoroni, bei ya barafu, na samaki wa kutupwa. Lakini muulize mtu mzima yeyote wa Mji Mkongwe, atakwambia na jengine: watu walirudi barazani. Sisi Pemba tulicheka kidogo, kwa sababu waya wa baharini kutoka Tanga ulitufikia mwaka 2010 wenyewe, na giza tulikuwa tumelizoea.

Swali la pili ndilo letu la leo. Mchana wa daima tumeshajitengenezea. Mtu amelala, taa imezimwa, chandarua kimeshushwa, na usoni kuna jua dogo la simu mpaka saa saba za usiku.

Basi fanya hivi. Ukishasali Magharibi, usinyanyuke. Simu iwe chumba chengine, si mfukoni, si chini ya mto. Soma aya kwa sauti mara tatu, sauti ya kujisikia mwenyewe. Soma tarjama mara moja. Funga mas-hafu. Halafu nyamaza na usikilize, dakika tano tu, kile kilichopo: popo wanaogombania maembe juu ya mti, kijiko kikizunguka kwenye bilauri ya chai, mtoto wa jirani akirudia somo la chuoni, maji yakirudi mtoni. Huna haja ya kufikiri jambo kubwa. Siku mbili za mwanzo utahisi unapoteza wakati. Utakumbuka deni. Utakumbuka nguo uliyoiacha kambani. Liache jambo lipite, rudi kwenye neno moja la aya, lolote.

Wakati huu wa baina ya Magharibi na Isha ni mfupi kwetu, saa moja na kitu, mwaka mzima haubadiliki sana. Ndiyo uzuri wake. Hautoshi kuanzishia kazi mpya. Mwenye watoto wadogo atasema ndio wakati wa vurugu kubwa nyumbani, na ni kweli. Kwake nashauri iwe baada ya Isha, watoto wakishalala. Hata saa hiyo siku bado ni changa.

Ndugu zetu Wakristo wa visiwani nao wanaweza kufuata njia hii bila ya kubadilisha kitu isipokuwa kitabu. Mlango wa kwanza wa Mwanzo unahesabu siku vilevile: "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Jioni ndiyo iliyotangulia. Na Zaburi ya 127 aya ya pili inawasema wanaoamka mapema mno na kuchelewa kulala wakila chakula cha taabu, kwamba wanajisumbua bure, na Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Wiki moja na aya hiyo si wiki ndogo.

Hatua ya tatu: okota maneno uliyokwisha kuwa nayo

Usiku wa pili au wa tatu, chukua kalamu. Sikiliza Kiarabu cha aya kama Mswahili, uokote kila neno linalokugonga. *Rahmatihi*: rehema. *Al-layla wan-nahara*: laili na nahari, kama wanavyosema washairi wa tenzi. *Fadhlihi*: fadhila. *Tashkurun*: kushukuru. Karibu nusu ya aya umeishi nayo tangu utotoni.

Neno linalostahili kukaliwa ni *litaskunu*, mpate kutulia. Shina lake ni sini, kafu, nuni. Humo tumepata maskani, na Mzanzibari akisikia maskani hafikirii nyumba tu. Anaiona ile kona ya mtaani yenye benchi, redio na watu wasioondoka. Humo imetoka sakina, utulivu unaoshuka moyoni. Na wanalugha humrudisha maskini kwenye shina hilo hilo: aliyetulizwa na ufukara asiweze kujongea. Kwa hiyo kuna kutulia kwa aliyefika kwake, na kuna kutulia kwa aliyeshindwa. Jiulize usiku huo, ulipokaa ulikuwa umefika au ulikuwa umeanguka? Nilipojiuliza mara ya kwanza nilijibu upesi, na jibu halikunipendeza.

Hatua ya nne: mchana, tumia jicho na uandike kitu kinachoshikika

Sasa daftari. Kila siku andika sentensi tatu, hazizidi: nimetulia wapi, nimetafuta nini, nimeona nini cha kushukuria. Ziandike kabla ya Magharibi kuingia, ili ufunge siku moja kabla hujafungua nyengine.

Sharti ni kwamba usiandike maneno makubwa. "Afya", "uzima", "familia", "amani", haya ni maneno ya kwenye hotuba. Ukiyaandika leo na kesho, siku ya tatu umechoka na daftari limekuwa kama fomu. Andika jambo lenye saa na mahali. "Maji ya bomba yametoka saa kumi alfajiri, nimejaza madumu manne." "Mteja aliyekopa tangu Mfunguo Mosi kaleta nusu." "Dau la mjomba limerudi na upepo wa kusi ule."

Maji nimeyataja kwa makusudi. Suratul Waqia, sura ya 56, aya ya 68 mpaka ya 70, inauliza juu ya maji tunayokunywa: nyinyi ndio mlioyateremsha mawinguni, au Sisi? Tungelitaka tungeyafanya ya chumvi. Basi mbona hamshukuru? Mtu wa bara anaweza kuipita aya hii. Mtu wa kisiwani hawezi. Vijiji vyetu vya pwani vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na visima vingi vilivyo karibu na bahari maji yake yana uchumvichumvi, chai yake unaijua kwa ulimi kabla hujaambiwa imetoka kijiji gani. Tumezungukwa na maji pande zote, na ya kunywa tunayabeba kichwani. Ile "tungelitaka" tunaiona kila siku ufukweni.

Darasani kwetu mama mmoja alikaa siku mbili akisema hana cha kuandika. Siku ya tatu akaandika: "Chai yangu haina chumvi." Ndiyo sentensi bora niliyowahi kuiona katika madaftari haya.

Kama siku imepita kweli na hukuona kitu, andika hivyo hivyo: sikuona. Usitunge.

Hatua ya tano: ipe mchana wako kituo

Usiku ni wa kutulia, lakini mchana nao una shimo lake la kupumzikia. Suratun Nur, sura ya 24, aya ya 58, inapotaja nyakati tatu ambazo watoto na watumishi wabishe hodi kabla ya kuingia, inataja kabla ya Alfajiri, baada ya Isha, na pale mnapovua nguo zenu adhuhuri. Aya inazungumzia adabu ya faragha, ila imelichukulia lala la mchana kuwa jambo linalojulikana katika kila nyumba. Bibi zetu walilijua. Bado yako maduka Mji Mkongwe yanafungwa mchana, mwenyewe akaenda kula na kujinyoosha, na mtalii anabaki akiusukuma mlango.

Weka nusu saa baada ya Adhuhuri. Huna haja ya kusinzia. Vua viatu, kaa penye kivuli, usifanye biashara. Anayefanya kazi ofisini asiyeweza kulala, achukue dakika kumi msikitini baada ya sala badala ya kutoka mbio. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani hawafuati saa ya ukutani, wanafuata maji. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, kazi haisubiri. Kwao pumziko litafutwe siku za maji mafu, yasipokupwa mbali, na lipangwe mapema, kwa sababu siku hizo nazo zina mazoea ya kujazwa na kufua, harusi na kuzuru wagonjwa.

Na Ijumaa? Sura ya 62, aya ya 9 na ya 10, inaamuru kuacha biashara ukiadhiniwa, na ikishakwisha sala inasema tawanyikeni mtafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Neno ni lile lile, fadhila. Umeingia, umetulia, umetoka kutafuta: aya yetu ya wiki imefupishwa katika mchana mmoja.

Hatua ya sita: siku mbaya ina haki yake

Hapa wengi huharibu. Mtu kafiwa, au karafuu zake zimenyeshewa jamvini zikafanya ukungu, halafu jamaa anamwambia "shukuru, kuna waliozidi". Maneno hayo yanaweza kuwa kweli na yakawa ukatili kwa wakati mmoja.

Nabii Yaqub, katika Suratu Yusuf, sura ya 12 aya ya 86, alisema kwamba yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu dhiki yake na huzuni yake. Ni Mtume, na alilia mpaka macho yakaingia weupe. Kwa hiyo siku kama hiyo usijilazimishe sentensi ya tatu. Andika mashitaka yako, yaelekeze kwa Mola, usiyapambe. Halafu soma aya mara tatu kama kawaida. Ukifika kwenye mwisho wake, kumbuka neno ni "huenda mkashukuru". Mlango umeachwa wazi, hakuna anayekusukuma.

Hatua ya saba: itoe nyumbani

Usiku wa saba usikae peke yako. Ita watu wawili watatu, mke au mume, watoto, jirani wa barazani. Soma aya, kisha kila mmoja ataje kitu kimoja alichokiona wiki hiyo. Watoto watashinda, wao hutaja kitu, sisi hutaja mada. Asiyetaka kusema aachwe.

Halafu fanya kitu kwa mkono. Katika Suratu Sabaa, sura ya 34 aya ya 13, watu wa Daud wanaambiwa watende kwa kushukuru, na palepale inasemwa kwamba wachache katika waja ndio wenye shukrani. Tendo dogo linatosha: sahani ya muhogo wa nazi iliyofunikwa kawa, ipelekwe kwa jirani. Na ikirudi, kwetu hairudi tupu, kwa hiyo umeanzisha jambo ambalo hutaweza kulimaliza peke yako.

Baada ya wiki ya kwanza

Pumzika siku moja, kisha chukua aya nyengine kwa mpango ule ule. Wiki ya pili nashauri Suratun Nabaa, sura ya 78, aya ya 9 mpaka ya 11: usingizi kuwa pumziko, usiku kuwa vazi, na mchana kuwa wakati wa maisha. Vazi pale ni *libasa*, libasi tunayoijua, na lile la mwisho, *ma'asha*, lina shina moja na neno letu maisha. Mvuvi au mwenye dau aende Suratun Nahl, sura ya 16 aya ya 14, penye bahari, nyama laini mbichi, mapambo na majahazi yanayokata maji, na mwisho wake ni shukrani vilevile. Mwenye hofu ya kesho achukue Suratu Quraish. Aya nne fupi zinazomalizia kwa kulishwa na kusalimishwa na hofu, na tayari anazijua kwa moyo.

Ukikosa usiku mmoja, usiulipe kwa kusoma mara sita usiku unaofuata. Acha ukurasa mtupu kwenye daftari, uandike tarehe juu yake, uendelee. Langu la msimu uliopita lina kurasa kumi na moja tupu, zote za wiki ile karafuu zilipokomaa pamoja, na moja ina doa la mafuta ya makonyo.